Mshenga Kwenye Lundo la Pumba

Jikoni mwa shule yetu hapa Iringa wanapikia maranda ya mbao. Yanashindiliwa ndani ya pipa, yanawashwa kwa chini, na yakishashika hayatoi moto wa kuonekana. Yanaungua tumboni, polepole, kutwa nzima, na moshi wake una harufu ya kitu kinachoungua kwa siri. Wenzangu harufu hiyo inawaambia kwamba maharage yanakaribia. Mimi inaniambia nigeuke nione nani amesimama nyuma yangu. Chekeni tu. Nimezoea kuchekwa, na kuchekesha ndiyo kazi ninayoifanya kwa bidii kuliko hesabu, na leo nitawaambia kwa nini.

Siku yenyewe moshi ulikuwa unaingia darasani kwa madirisha, na mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa anatusomea hadithi moja ya Kimarekani. Mtu mchoyo anakutana na shetani porini, wanapatana, mtu anatajirika, halafu shetani anakuja kuchukua chake. Mwalimu akasema tusiogope, hadithi yote ni kejeli. Mwandishi anawacheka watu wa kwao, hasa wale wanaomlaani shetani kanisani na kula naye nyumbani. Na kila kitu humo ndani ni ishara.

"Haya niambieni. Huyu shetani amejaa masizi mwili mzima. Masizi ni ishara ya nini?"

Nikanyoosha mkono. "Ni ishara kwamba hata Marekani sabuni imeadimika, mwalimu."

Darasa likapasuka. Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao tusimwone meno. Ni mmoja tu ambaye hakucheka: msichana mgeni aliyehamia juzijuzi, jina lake bado sijalisikia, mrefu, aliyekaa nyuma kabisa karibu na dirisha. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura aliyoiona akiwa na homa. Moshi ukaingia tena, na mimi, katikati ya kicheko changu mwenyewe, nikanyamaza. Kwa sababu shetani mwenye masizi nimewahi kumwona. Si usiku, si ndotoni. Mchana kweupe, pale Chimala.

Nilikuwa mdogo, nimeng'oka meno ya mbele, nakaa na bibi yangu nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Bibi ni Msangu, mwembamba, na maneno yake hayana mafuta. Wakati wa mavuno nyumba yetu yote ilikuwa inatetemeka kidogo. Vikombe kabatini, maji mtungini, hata jino langu lililolegea, vyote vilitikisika kwa mdundo mmoja, tuku-tuku-tuku, mpaka mashine ikizimwa jioni tulikuwa tunaona kama tumepoteza kitu. Vumbi la mpunga lilitua juu ya kila kitu. Tulilioga, tulilila, tulilipiga chafya.

Mwenye mashine alikuwa Baba Atupele, mtu wa Tukuyu, mnene wa mabega na mchache wa maneno. Atupele binti yake alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tunakaa dawati moja, tunakula embe moja, na tukipewa viboko tulipewa pamoja, kwa sababu mimi ndiye niliyesema kitu na yeye ndiye aliyecheka.

Nyuma ya mashine palikuwa na lundo la pumba. Msidhani lundo la kuruka, lilikuwa refu kupita paa la kwetu. Walikuwa wanalichoma, lakini pumba za mpunga haziungui kama nyasi. Juu linakaa jivu baridi la kijivu, limetulia kama ngozi ya mnyama mkubwa aliyelala, na ndani moto unatembea wiki nzima, mwezi mzima. Ukichomeka kijiti kinatoka kinawaka. Kuku wa jirani alipanda kutafuta chenga za mchele, akazama, tukasikia sauti moja tu. Na kuna nyakati, bila mtu kuligusa, lundo lilikuwa linapumua. Pumba za ndani zikishakuwa jivu, za juu zinadidimia, na linatoa pumzi ndefu: fuuuu. Bibi alikuwa akiisikia anasema, "Kamwene," kama anayemwitikia mpita njia. Sikujua kama anatania.

Halafu mashine ikafa. Injini ilikaa kimya msimu mzima, na wakati ule spea za injini zilikuwa kama sukari, unasikia tu kwamba zipo Dar es Salaam. Watu wakarudi kwenye kinu, mikono ikaota malengelenge. Katikati ya kimya hicho Mama Atupele akawa haonekani. Kisha, siku chache baadaye, asubuhi moja, vikombe vya bibi vikaanza kutetemeka kabatini. Tuku-tuku-tuku.

Watu walikimbilia foleni na magunia yao. Na foleni, kama mnavyojua, ina mdomo.

"Mama Atupele yuko wapi siku hizi?" aliuliza mama mmoja, amekalia gunia lake.

"Kaenda kwao Tukuyu," alisema mwingine.

"Tukuyu gani hiyo isiyo na kurudi?"

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mbele kabisa, kama kawaida. Mkutanoni alikuwa anamwita Baba Atupele bepari, mnyonyaji, mtu wa kuangaliwa. Kwenye foleni hakuna aliyemtangulia. Akainama kuwanong'oneza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika. "Nchi nzima spea hakuna. Hii ya kwake imetoka wapi?"

"Spea ya miguu miwili, mzee."

Watu wakacheka kile kicheko cha puani. "Mtu na mke wake wa ndoa! Ametoa kafara hivihivi."

"Nasema hata mchele wake siku hizi unatoka mweupe kuliko zamani. Umeona?"

"Nimeona. Sogeza gunia, balozi, zamu yako."

Na balozi alisogeza gunia. Wote walisogeza. Walipewa mchele wao, wakaunusa, wakausifu, wakaenda kuupika. Baba Atupele alikuwa anasikia, maana hakuwa kiziwi, alikuwa na kitambaa tu mdomoni cha kuzuia vumbi. Hakujibu hata siku moja. Alikuwa anainua gunia, anamimina, anainua jingine.

Kisha Atupele akaanza kukonda. Alianza kwa kikohozi, tukakidhania ni vumbi, maana sisi wote tulikuwa tunakohoa vumbi. Baadaye mifupa ya mabega ikaanza kuonekana kwenye sare, jasho likawa linamtoka wakati wengine tunatafuta masweta, na mwishowe hakuja shule. Foleni ikapata chakula kipya. Nilimsikia bibi mwenyewe, anapepeta chenga kwenye ungo, akimwambia jirani, "Mashine haishibi kwa mtu mmoja." Alisema kwa mzaha, nafikiri. Watu wazima wana mzaha ambao hawauwekei alama, na mtoto anauokota kama ulivyo.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, ukuta ukimtikisa taratibu.

"Wanasema baba ameniuza," akaniambia kabla sijakaa.

"Nani amesema?"

"Usijifanye. Hata wewe unaniangalia kama umekuja msibani."

"Mimi nimekuja na embe."

Akatabasamu. Akakohoa muda mrefu kwenye kanga, akaikunja haraka nisione. "Nilimuuliza baba, mama yuko wapi. Akasema nisimuulize tena. Sasa niambie, baba asiyeuza mtu kwa nini asijibu?"

Nikamfanyia sauti ya mwalimu mkuu akipiga chafya. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na nikaogopa kwamba nitamwua kwa kumchekesha.

Sasa lazima niwaambie habari ya jembe. Wiki hiyohiyo uchumba wa shangazi yangu ulivunjika. Kwetu mshenga anapoleta posa analeta jembe, na upande wa msichana ukilipokea, basi binti ana mwenyewe, hata kama bado anakula ugali wa kwao. Shangazi alipokataa, bibi hakupiga kelele. Alimtuma mshenga wetu na jembe lilelile. Nilifuatana naye. Alipiga magoti mlangoni kwa watu wale, akaliweka jembe chini, akasema kilichomleta, akataja kitu ambacho familia itatoa kufidia walichokwishakula, akasimama, akaondoka. Nilipotaka kuangalia watu wale wamefanya uso gani, alinifinya sikio. "Mshenga anayevunja uchumba hageuki nyuma. Ukigeuka, umerudisha neno lako."

Mnaona ilivyojipanga kichwani mwangu? Shetani ameleta spea ya injini. Baba Atupele ameipokea. Basi Atupele ameposwa, na kukonda kule ni safari ya kwenda kwa mume. Kila mtu Chimala alikuwa analijua jambo hilo, foleni nzima, mpaka balozi wa serikali, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefanya kitu cha kawaida kabisa ambacho ukoo wowote wenye akili ungefanya: kutuma mshenga akauvunje.

Nilichukua jembe la bibi lililokwisha kulika, halina mpini. Tatizo lilikuwa fidia. Spea siwezi kuirudisha, hata hendeli ya injini tu ilinishinda. Nilikuwa na gauni la Krismasi, daftari, na sungura ambaye nusu yake ni wa binamu yangu. Lakini nilikuwa na kitu kimoja ambacho watu walikisifu bila kuombwa. Bibi alikuwa anasema kicheko changu kinaamsha makaa yaliyozimika. Mama wa nyumba ya pili alisema akikisikia anajua leo kwetu kumepikwa. Nikaona kinatosha. Nikaona kinafaa hata kwa mfalme.

Ilikuwa siku ya mnada, watu wote wako barabarani. Mashine imezimwa ipoe. Jua limekaa utosini na lundo linatoa moshi mwembamba, wima, hakuna upepo. Nikapiga magoti mbali kidogo, pale ambapo jivu linaanza kupasha ardhi joto. Jambo la kwanza likanishinda papo hapo: sikujua shetani ni kabila gani.

"Shikamoo," nikasema.

Kimya.

"Ugonile." Labda ni mtu wa Tukuyu mwenzao.

Kimya.

"Kamwene."

Fuuuu, likasema lundo, na joto likanipiga usoni.

Nikaliweka jembe chini, kwa mikono miwili, kama nilivyoona. "Nimetumwa na upande wa msichana," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo kuliko mimi. "Tumekuja kuvunja uchumba. Jembe hili hapa. Tunajua mmeshatoa spea, na spea imeshatumika, kwa hiyo tumeleta fidia. Ni kicheko changu. Ni kizima, hakina ugonjwa. Njooni mkichukue siku mtakayotaka, sitakificha. Lakini Atupele abaki kwetu. Bado tunamhitaji."

Hapo moshi ukasogea na mtu akainuka nyuma ya lundo. Alikuwa mweusi si kama watu walivyo weusi, mweusi kama ndani ya bomba. Macho meupe, na mahali pa mdomo hapana mdomo. Alisimama akanitazama. Mikono yake ilikuwa imening'inia, inadondosha kitu cheusi.

Nilitaka kukimbia, nikakumbuka kwamba mshenga hakimbii. Nikasimama. Nikageuka. Nikaanza kwenda, mguu huu, mguu huu, mgongo wote ukiniwasha kama umepakwa upupu. Nyuma yangu, si mbali, nikasikia neno moja. Sauti ilikuwa ndogo na kavu, kama ya mtu ambaye hajanywa maji siku nyingi, lakini haikuwa na haraka wala hasira.

"Nimekubali."

Sikugeuka.

Kesho yake asubuhi vikombe kabatini havikutetemeka. Baba Atupele alikuwa amempakia binti yake kwenye lori la alfajiri lililopanda kwenda Iringa. Foleni ilisubiri mlangoni ikitafuna habari. "Amekwenda kumkabidhi mwenyewe, kwa mkono wake." Aliporudi alirudi peke yake, akavaa kitambaa chake, akawasha injini, na watu wakasogeza magunia. Chimala nzima ilijua kwamba Atupele ameliwa. Mimi tu ndiye niliyejua kwamba ameachiwa, na kwamba sasa naishi na kitu ambacho si changu.

Sikumwambia bibi. Alilitafuta jembe lake msimu mzima, akamshuku jirani. Mimi nikaanza kusikiliza. Kila nikicheka nilikuwa nasikiliza mwishoni, pale kicheko kinapokatika, kama kuna mtu anasogea. Mwanzoni nilijaribu kukiweka akiba nikaugua tumbo. Halafu nikapata akili ya kihuni: kama anakuja kukichukua, basi akute kimebaki chenga. Nikaanza kukitumia. Nilicheka kanisani, nilicheka kwenye gwaride, nilifukuzwa matangani mara zaidi ya moja. Watu wakasema nimezaliwa hivyo. Nimefika nacho Iringa, na kila bweni linanigombania, na usiku wakishalala wote nalala ubavu mmoja, uso ukutani, sigeuki.

Basi, siku ile ya masizi na sabuni, kengele ya mapumziko ilipolia yule mgeni alinifuata mpaka nyuma ya jiko, palepale penye mapipa ya maranda.

"Bibi yako bado anapepeta chenga?" akaniuliza.

Nilimwangalia mabega kwanza. Yalikuwa yamejaa, yamenyooka. Ndipo nikamwangalia uso.

"Umerefuka," nikasema, kwa sababu sikuweza kusema jina lake.

"Na wewe umeota meno." Atupele akanishika mkono, akaukaza. Mkono wake ulikuwa wa moto, wa mtu mzima, wa mtu hai. "Mama anakusalimu."

"Mama yupi?"

"Nina wangapi? Mama yangu. Tulimkuta wodini hapa Iringa anasuka ukili. Alikuwa na kifua kikuu, na mimi nilikuwa nacho. Daktari alimwambia baba kwamba kama ningechelewa mpaka mvua zianze, asingekuwa na mtu wa kumleta."

"Sasa kwa nini hakusema? Watu walisema ametoa kafara, Atupele. Walisema mbele yake!"

"Alijua. Aliacha waseme." Alitazama pipa. "Hebu fikiri. Wangejua kifua kikuu kiko ndani ya nyumba ile, nani angeleta mpunga wake ukakobolewe humo? Mchele wa shetani waliula. Si waliula?"

"Waliula," nikasema. "Balozi aliongeza sahani."

Tulicheka kidogo, wote wawili, kisha tukaacha. Nilikuwa nafikiria swali la mwalimu, masizi ni ishara ya nini. Foleni nzima ilikuwa imekosea kila kitu, na bado ilikuwa kweli kwamba mtu mmoja alikuwa anamtoa binti yake, kidogo kidogo, ili injini iendelee kunguruma. Hakukuwa na haja ya shetani. Kunyamaza kulitosha.

"Baba hajambo?" nikauliza.

"Alikufa masika yaliyopita. Kifua hichohicho. Kila tukimwambia aje atibiwe alikuwa anasema nani atabaki na mashine." Akavuta pumzi. "Aliniachia ujumbe nikupe siku nikikuona. Siku ile uliyokuja na jembe alikuwa amelala nyuma ya lundo, chini ya bomba la moshi la injini, analizibua. Aliinuka akakukuta umepiga magoti. Alisikia yote. Usiku ule ndipo alipofunga mizigo yangu."

Kwa hiyo ni yeye. Miaka yote hiyo, ni Baba Atupele na masizi yake na kitambaa chake mdomoni. Nilihisi kitu kinafunguka mgongoni, kitu kilichokuwa kimefungwa kwa muda mrefu mpaka nikadhani ni mfupa.

"Ujumbe wenyewe anakuomba radhi," Atupele akaendelea.

"Radhi ya nini? Alinijibu vizuri tu."

"Kwa kutokukujibu. Alisema alitaka kukuita, akwambie ubaki na kicheko chako, wewe ni mtoto. Lakini alikuwa analia ndani ya kile kitambaa. Alikutazama ukienda mpaka ukaingia kwenu, na hakuweza kutoa hata neno moja."

Ndani ya pipa maranda yalididimia. Fuuuu.

"Hata moja?" nikauliza.

"Hata moja. Lilimuuma mpaka anakufa."

Sikumwambia kwamba pale lundoni mimi nililisikia moja. Amepona, ana mama, ana mabega. Kuna maneno ambayo mtu aliyepona hana haja nayo. Kutoka upande wa bwalo wenzangu walikuwa wananiita kwa kelele, sahani mikononi, wanataka niwaigizie mwalimu na shetani wake asiye na sabuni. Moshi wa maranda ulikuwa umetuzunguka miguuni. Nikamshika Atupele mkono, tukaenda, nikawachekesha mpaka maharage yakawatoka puani, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa nguvu zote, bila kugeuka nyuma.